Watoto wa Jangwani

Njooni mkae, wajukuu zangu. Wa jezi ya njano na kijani wakae huku, wa jezi nyekundu wakae kule, na ambaye hajachagua upande akae katikati, maana naye leo ana lake la kusikia. Nataka kuwasimulia Yanga ilivyozaliwa pale Kariakoo. Na nyinyi wa Simba msinune mapema. Hadithi ya Yanga haisimuliki bila Simba, na muda si mrefu mtaona kwamba nusu yake ni yenu.

Najua mnaijua Yanga. Mnawajua wachezaji wake kwa majina na namba za migongoni, na mnajua nani kafunga lini. Lakini hayo ni matunda. Mimi nataka niwaonyeshe mzizi: vijana waliokuwa hawana uwanja wao, hawana ofisi, hawana tajiri wa kuwanunulia viatu, ambao walitaka kuwa na chama chao wenyewe katika mji ambao karibu kila kitu kilikuwa cha mtu mwingine.

Kwanza muuone huo mji. Mwingereza alikuwa ameichukua Tanganyika kutoka kwa Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Dar es Salaam ilikuwa imekatwa vipande. Upande wa bahari palikuwa Uzunguni, nyumba kubwa zenye bustani na upepo. Katikati palikuwa Uhindini, maduka chini, makazi juu. Kisha ukifika Mnazi Mmoja unakuta uwanda mtupu. Ule uwanda haukuachwa ili watoto wacheze. Uliachwa makusudi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo.

Kariakoo ilipimwa mitaa iliyonyooka, na kila kiwanja kikajengwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja unamkuta Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Myao na Mluguru, kila mmoja kaja mjini kwa njia yake. Huyu kuli wa bandarini, yule mpishi wa Mzungu, yule karani, yule fundi cherehani. Mchana wanatawanyika makazini, jioni wanakutana barazani. Watu wa makabila mbalimbali wakikaa baraza moja kila jioni, mwaka baada ya mwaka, wanaanza kujiita watu wa mtaa.

Na watu wa mtaa hawakukaa kimya. Kabla mpira haujashika, mji ulikuwa na ngoma ya beni, yenye tarumbeta na magwaride, na ngoma hiyo ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana zaidi, Arinoti walikuwa wengi wao watu wa kazi za mikono. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa karamu. Walikuwa na viongozi wenye vyeo, na walichangishana fedha ili wasiaibike mbele ya wenzao. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba utani wa Simba na Yanga uliletwa na magazeti, mjibuni kwamba mji huu ulikuwa unashindana pande mbili hata kabla Yanga haijaandikishwa.

Basi twende Jangwani. Mnapajua: lile bonde la mto Msimbazi, ambalo mvua za masika zikikaza linageuka ziwa, na kiangazi linabaki wazi na kavu. Vijana wa Kariakoo walikuwa wakishuka pale jioni kupiga kandanda. Wazee husimulia kwamba kundi lile lilibadilisha majina mara kadhaa, na miongoni mwa majina wanayoyataja ni Navigation, Taliana na New Youngs. Mimi majina hayo nayapenda kwa sababu yananionyesha watu wanaojitafuta. Navigation ni jina la watu wa mji wa bandari. Taliana ni jina la watu wanaosikia habari za Italia na kabumbu lao. Mwishowe, tarehe 11 Februari 1935, wakasimama na jina lililokaa mpaka leo: Young Africans. Midomo ya mashabiki ikalifupisha, ikawa Yanga.

Liangalieni jina hilo vizuri, maana mwaka 1935 lilikuwa jambo zito. Hawakujiita kwa jina la mtaa wao tu, wala la kabila, wala la mwajiri. Walijiita vijana, na walijiita Waafrika, tena katika lugha ambayo mtawala mwenyewe angeisoma bila mkalimani. Miaka sita tu nyuma yake, mwaka 1929, makarani na walimu wa mji huo huo walikuwa wameanzisha African Association, chama cha Waafrika wote bila kuangalia kabila. Fikra hiyo ilikuwa hewani Kariakoo, wengine wakaivalisha suti, na vijana wa Jangwani wakaivalisha jezi.

Mkubali au mkatae, lakini kuendesha timu kulitaka zaidi ya miguu. Lazima pawe na mwenyekiti, na mwenyekiti lazima achaguliwe. Lazima pawe na katibu wa kuandika barua, na mweka hazina ambaye watu wanamwamini. Lazima kila mtu atoe ada yake, na asiyetoa aulizwe. Serikali ya kikoloni haikumpa Mwafrika wa kawaida kura ya kumchagua hata diwani. Lakini kuli wa bandarini aliyekuwa na kadi ya klabu aliweza kusimama mkutanoni na kumwambia mwenyekiti, «Bwana mwenyekiti, fedha za mchezo wa juzi ziko wapi?» Hapo, wajukuu zangu, ndipo watu wengi wa Kariakoo walipoanza kujifunza kujitawala.

Na watu wakijifunza kuchagua, wanajifunza pia kukataa. Klabu haijakaa sana, ikapasuka. Sababu ya mpasuko ule ina masimulizi zaidi ya moja, na kila upande husimulia kwa namna inayoupendeza. Wako wanaosema ulikuwa ugomvi wa matokeo mabaya uwanjani, wako wanaosema ulikuwa ugomvi wa uongozi. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1936 sehemu ya wanachama iliondoka na kuanzisha timu yake. Kwanza ikaitwa Queens, kisha Eagles, kisha ikachukua jina la Sunderland. Hiyo ndiyo Simba yenu. Jezi nyekundu na nyeupe mliyovaa leo ina undugu wa damu na hii ya njano na kijani, na ndiyo maana wakubwa wakizungumzia timu hizi mbili husema watani wa jadi. Utani ni wa watu wenye ujamaa.

Mkidhani jambo hili ni la kwetu peke yetu, vukeni nami bahari mpaka Amerika Kusini, bara ambalo mpira ni chakula chake. Kule Rio de Janeiro nchini Brazili, mwaka 1911, wachezaji wa Fluminense waligombana na klabu yao, wakahamia Flamengo, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa klabu ya mashindano ya makasia, wakaanzisha humo timu ya mpira. Mpaka leo mchezo wa Flamengo na Fluminense unasimamisha jiji. Nchini Chile, mwaka 1925, kijana aitwaye David Arellano aliondoka Magallanes na wenzake wakaunda Colo-Colo. Na majina ya kuazima? Chile kuna Everton tangu 1909, na Montevideo nchini Uruguay kuna Liverpool tangu 1915. Mabaharia na makarani wa Kiingereza walipeleka mpira kwenye bandari za dunia, na wenyeji wakachukua mpira pamoja na majina.

Kwa hiyo hakuna ajabu kwamba Kariakoo kulikuwa na Sunderland. Ile ya Uingereza ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi ya kwao mwaka 1936, na jezi zake ni nyekundu na nyeupe. Jina lilikuwa na heshima ya mabingwa. Lakini muweke akilini habari ya Colo-Colo, maana wale Wachile hawakuazima jina Ulaya. Walichukua jina la mzee shujaa wa Wamapuche, wenyeji wa nchi ile waliopigana na Wahispania. Tutalirudia jambo hili Sunderland itakapobadili jina.

Miaka ya 1950 ikaingia na siasa ikapamba moto. Tarehe 7 Julai 1954, ndani ya jengo la chama cha Waafrika pale New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kikazaliwa TANU. Kutoka hapo mpaka Jangwani ni mwendo wa miguu tu. Watu wa baraza moja ndio hao hao: mchana wanazungumza mpira, jioni wanazungumza uhuru, na wengi wa wanachama wa Yanga walikuwa na kadi mbili mfukoni, ya klabu na ya TANU. Sunderland nao walikuwa na wazalendo wao, msije mkadhulumu. Lakini Yanga, kwa jina lake na kwa watu wake, ilishika sifa ya kuwa klabu ya wananchi, na mpaka leo mashabiki wake hujiita hivyo hivyo, Wananchi.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka huo huo mji ukapata Uwanja wa Taifa, huu tunaouita sasa Uwanja wa Uhuru. Ligi ya Taifa ikaanza 1965, na hapa watoto wa Simba mnyanyue mikono, maana Sunderland ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza, na wa pili pia. Mwaka 1967 Cosmopolitan ikaupokonya. Kisha ikaja zamu ya Yanga, na ilikuwa zamu ndefu: mabingwa kuanzia 1968 mpaka 1972, miaka mitano mfululizo. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliichapa Sunderland mabao matano kwa bila, na wazee wetu waliyaimba mabao hayo kwa miaka tisa.

Katika kipindi hicho Yanga ilitoka nje ya mipaka. Mwaka 1969, kwenye Kombe la Mabingwa wa Afrika, ilifika robo fainali na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana, timu iliyoogopwa bara zima. Wakatoka bao moja kwa moja mchezo wa kwanza, na bao moja kwa moja mchezo wa pili. Siku hizi mngesema wapige penalti. Lakini mikwaju ya penalti ya kumtafuta mshindi iliingia kwenye sheria za mpira mwaka 1970, kwa hiyo mwaka ule mshindi alitafutwa kwa kurusha sarafu. Hebu fikirieni. Mnakimbia mchezo mzima nyumbani na mchezo mzima ugenini, mnawazuia Kotoko wasiwashinde hata mara moja, halafu mwamuzi anatupa sarafu hewani. Ikaangukia kwa Kotoko. Yanga ikatolewa bila kufungwa na Kotoko. Katika mambo yote yaliyowahi kuipata klabu hii, hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, na mimi nalihesabu miongoni mwa fahari zake.

Sasa turudi mtaani, tuzungumze nyumba. Klabu ya Yanga ina jengo lake pale mitaa ya Twiga na Jangwani inapokutana, na nyuma yake kuna Uwanja wa Kaunda, wenye jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Simba nao wana jengo lao Mtaa wa Msimbazi, na ndiyo maana wanaitwa Wekundu wa Msimbazi. Wazee wa pande zote mbili, wakisimulia habari za majengo hayo, humtaja Sheikh Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kwamba alikuwa na mkono katika kuyasimamisha. Karume huyo huyo ndiye wanayemtaja kwa ushauri kwamba timu ya Waafrika walio huru haifai kubeba jina la mji wa Uingereza. Mwaka 1971 Sunderland ikaliacha jina lile na kuwa Simba. Kama Wachile wa Colo-Colo, nao wakachukua jina la nyumbani.

Ukiwa na mguu mwepesi unatoka jengo moja hadi lingine kwa dakika chache, ukipishana na mikokoteni, wauza vitenge na wapiga debe. Wakubwa wa mpira duniani wana viwanja vilivyotenganishwa na mito na barabara kuu. Hawa wetu wametenganishwa na maduka. Mwenye duka wa Yanga anamuuzia shabiki wa Simba soli ya kiatu, na bei inategemea nani kashinda Jumamosi. Jengo la klabu kwa miaka mingi lilikuwa zaidi ya ofisi. Wachezaji walilala humo kambini, wazee walicheza bao nje, na kijana aliyetoka Kigoma au Tanga na mpira wake miguuni alijua pa kwenda kujitambulisha hata kama hakuwa na ndugu mjini. Uwanja wa Kaunda umeteswa mno na mafuriko ya Msimbazi, na inanisikitisha kila ninapofikiria ni vizazi vingapi vilikimbia juu ya nyasi zile.

Haya, sasa nawapa mchezo mmoja, na huu nitausimulia taratibu. Tarehe 10 Agosti 1974, Simba na Yanga walikutana kuamua ubingwa wa taifa, na mchezo ukapelekwa mbali na Dar es Salaam, mpaka Mwanza, Uwanja wa Nyamagana. Simba ndio walikuwa mabingwa watetezi. Huku Kariakoo watu wamezunguka redio, maana televisheni Bara haikuwapo. Mapema tu Adam Sabu akaifungia Simba. Dakika zikapita, mapumziko yakapita, kipindi cha pili kikaanza kuyeyuka, na bao lile bado limekaa. Zikiwa zimebaki dakika chache filimbi ya mwisho ilie, Gibson Sembuli, mtu mwenye shuti ambalo makipa walilijutia, akasawazisha. Mchezo ukaingia dakika za nyongeza. Hapo akatokea Sunday Manara.

Manara alipewa jina la Computer, miaka ambayo wengi wa mashabiki wake walikuwa hawajawahi kuiona kompyuta kwa macho. Walichojua ni kwamba mashine hiyo hufikiri upesi kuliko binadamu, na ndivyo walivyomwona yeye. Baadaye alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, na hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Siku ile Nyamagana akafunga bao la pili, Yanga mbili, Simba moja, ubingwa ukarudi Jangwani. Mwaka uliofuata, kule Zanzibar, timu hizo zikakutana tena kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Yanga ikashinda mbili bila, na wafungaji ni wale wale, Sembuli na Manara.

Watoto wa Simba naona mnanong'ona. Najua mnachotaka, na haki yenu nitawapa. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ilifunga sita, Yanga haikufunga kitu. Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Zimepita zama na zama, zimekuja tano bila za Simba mwaka 2012 na tano kwa moja za Yanga tarehe 5 Novemba 2023, lakini hakuna upande uliowahi kuzifikia zile sita. Nimesema, basi, msiwapigie kelele wenzenu.

Ila kuna jambo ambalo mashabiki wa Simba hulisahau wanapotamba na sita zile. Yanga waliyoifunga ilikuwa imetoka kupasuka kwa mara nyingine. Mwaka 1976 klabu iliingia katika ugomvi mkubwa, wanachama wakagawanyika makundi mawili, na mji ukayapa majina ya viatu. Wale wa upande wa wazee, waliobaki na jengo, wakaitwa Kandambili. Wale wa upande wa vijana na wachezaji wengi wakaitwa Raizoni, kwa jina la viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya wakati ule. Hawakupatana. Raizoni wakaondoka na kuunda klabu ya Pan African, na mwaka 1982 Pan African wakatwaa ubingwa wa nchi. Kwa hiyo Jangwani imezaa mara mbili: ilizaa Simba, ikazaa Pan.

Wapo wanaoona aibu kwa migogoro hii. Mimi sioni hivyo, ingawa najua imegharimu ubingwa na imevunja urafiki wa watu. Nitawaambia kwa nini. Kitu cha tajiri mmoja hakipasuki, maana mwenye kauli ni mmoja na wengine ni wasikilizaji. Yanga ilipasuka kwa sababu kila mwenye kadi aliamini kwamba ni yake. Hata ile miaka ya kuelekea 2007, tulipokuwa na kundi la Yanga Asili na kundi la Yanga Kampuni, swali lilikuwa lile lile lililoulizwa na kuli wa bandarini miaka ya 1930: hii klabu ni ya nani, na fedha zake ziko wapi?

Katikati ya migogoro hiyo yote timu ilikuwa inaendelea kukua. Mwaka 1993 ilikwenda Kampala ikachukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati kwa kuifunga SC Villa nyumbani kwao. Mwaka 1998 ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ubingwa wa nchi sasa umevuka mara 30, na hakuna klabu nyingine ya Tanzania iliyofika hapo. Na mwaka 2023, chini ya kocha Nasreddine Nabi, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria. Mjini Dar es Salaam ikafungwa mbili kwa moja, bao letu likiwa la Fiston Mayele. Kule Algiers Yanga ikashinda moja bila, kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa mbili kwa mbili, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 1969 sarafu, mwaka 2023 kanuni. Mjukuu wangu atakayeona Yanga ikilibeba kombe la Afrika anikumbuke.

Simba nao walikuwa wameshapita njia hiyo. Walifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kushindwa na Stella ya Abidjan, mwaka 2003 wakaing'oa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti huko huko Cairo, na mwaka 2025 wakafika fainali ya Shirikisho dhidi ya Berkane ya Moroko. Na wasichana wasidhani nimewasahau. Lile jina la Queens, ambalo wanaume wa mwaka 1936 walianza nalo kisha wakaliacha, sasa liko juu: Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022. Jangwani wana Yanga Princess, na wanapokutana, utani ni ule ule.

Sasa tuko kwenye mlango mpya, na hapa ndipo nataka masikio yenu zaidi ya kote. Mpira wa leo ni ghali. Mishahara, ndege, kambi, makocha wa kigeni, vyote havilipwi kwa ada ya baraza la Kariakoo. Ndiyo maana Simba ilianza safari ya kumkaribisha mwekezaji, Mohamed Dewji, na Yanga ikasimama na kampuni ya GSM, ikabadili katiba yake, na Julai 2022 ikamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu. Serikali iliweka sharti kwamba wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Sharti hilo nalipenda kwa moyo wangu wote, kwa sababu asilimia 51 ndiyo baraza, ndiyo kuli, ndiyo fundi cherehani. Lakini asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi haina nguvu ikiwa mwenye kadi haji mkutanoni, hasomi hesabu, na hajui katiba ya klabu yake inasemaje.

Kwa hiyo mkinikuta siku nyingine msiniulize nani kasajiliwa. Niulizeni mkutano mkuu ni lini, ajenda zake ni zipi, na hesabu za mwaka zimekaguliwa na nani. Nyinyi mnaotimiza umri wa kuwa wanachama, ofisi ya Yanga iko Twiga na Jangwani, ya Simba iko Msimbazi, na zote mbili zinaandikisha.